Sanduku la Msiba na Sanduku la Kazi
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Neno tulilo nalo latokana na swali ambalo wanachama wengi wameiletea Halmashauri: je, sanduku la Chama liendelee kufunguliwa kwa ajili ya ugonjwa na mazishi tu, au yafaa tuwe na sanduku la pili, la kuwasaidia watu wetu wakiwa wazima na wenye nguvu? Baadhi ya wazee wanahofu kwamba fedha ya msiba ikiingizwa katika biashara itapotea, na siku ya kilio tutasimama mikono mitupu. Hofu hiyo ni ya haki, wala hatutaidharau. Lakini kwanza na tutazame jinsi sehemu zetu hizi zilivyopata mali na jinsi zilivyoipoteza, ndipo tukate shauri.

Wazee wanajua kwamba kwa miaka mingi ya ukoloni mwananchi wa Kiambu na Murang'a hakuruhusiwa kupanda kahawa yake. Alichuma kahawa ya mlowezi katika mashamba makubwa ya Ruiru na Thika, akapokea ujira mdogo, akarudi nyumbani. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliowafungulia njia wakulima wadogo wengi, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenyea kahawa kando ya mito. Kahawa hiyo ililipa karo za watoto na kuezeka nyumba nyingi. Baridi kali ilipoharibu mikahawa ya Brazil mwezi wa Julai 1975, bei ilipanda duniani kote, na kufikia mwaka 1977 mkulima wetu alishika fedha ambazo hakuwa amepata kuziona. Wengi wakadhani kwamba neema ile ni ya kudumu.

Haikudumu. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyoigawia kila nchi kiasi chake cha kuuza yalivunjika, na katika muda wa miezi michache bei ikaanguka hadi karibu nusu. Kenya, iliyotoa karibu tani 130,000 za kahawa katika msimu wa 1987/88, leo haitoi hata nusu ya kiasi hicho. Na tuangalie vema jambo hili: mkulima hakuwa amelala. Wataalamu wa kituo cha utafiti hapa Ruiru walikuwa wamekwisha kutoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Ugonjwa wa mti ulipata tiba. Ugonjwa wa bei haukupata, kwani bei hupangwa mbali nasi, na watu tusiowajua.

Hatusemi kwamba kahawa ing'olewe. Twasema kwamba nyumba yenye zao moja ni kama nyumba yenye nguzo moja. Jirani zetu wa Githunguri walilitambua hilo mapema. Mwaka 1961 wafugaji 31 walianzisha chama chao cha ushirika cha kuuza maziwa. Chama kilikua pole pole, na mwaka 2004 kikaanza kutengeneza maziwa katika kiwanda chake chenyewe. Maziwa hukamuliwa kila siku, watoto huyanywa kabla ya soko kufunguliwa, na mnunuzi wake yuko Ruiru, Thika na Nairobi. Tena samadi ya ng'ombe hurudi shambani, na mkulima hupunguza gharama ya mbolea ya dukani.

Mfano wa pili uko hapa Thika. Makadamia yaliletwa kutoka Australia mwaka 1946, yakapandwa katika shamba la mlowezi karibu na mji huu. Tangu mwaka 1974 pamekuwa na kiwanda cha Thika cha kuyabangua na kuyafungasha. Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 ilikataza makadamia ghafi yasipelekwe nje bila idhini ya Waziri, ili kazi ya kubangua ibaki nchini. Maana yake ni wazi: anayeuza kitu kibichi huuza pamoja nacho kazi ambayo mwanawe angeifanya.

Sasa twaja kwenye ardhi, na hapa twawaomba radhi wazee kwa kusema waziwazi. Tangu njia kuu ya Nairobi hadi Thika ilipomalizika mwaka 2012, bei ya viwanja imepanda, na mashamba ya kahawa ya Ruiru yamegeuka kuwa nyumba za kupangisha. Hatumlaumu aliyeuza kipande ili amtibu mgonjwa au amsomeshe mtoto. Lakini wengi huuza kwa sababu ya deni dogo ambalo wangepata mahali pa kukopa wangelilipa. Fedha ya kiwanja huja mara moja, nalo shamba halirudi. Wazee waliochanga fedha zao baada ya Uhuru wa mwaka 1963, wakajiunga na makampuni ya kununua mashamba, wanajua ilivyokuwa vigumu kuipata ardhi, na jinsi baadhi yao walivyongoja hati kwa miaka mingi.

Basi, tukopeshane vipi? Mama zetu walikwisha kutufundisha. Katika miaka ya 1960 vikundi vya mabati vilienea katika Mkoa wa Kati: kila mwanamke alitoa kidogo, na kwa zamu nyumba ya kila mmoja ikaezekwa. Hata kabla yao palikuwa na ngwatio, watu wakilimiana mashamba. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme wanachama 200 wanatoa shilingi 50 kila wiki: hizo ni shilingi 10,000 kwa wiki, na kwa mwaka mzima ni shilingi 520,000. Mtu anayeuza gunia la mahindi wakati wa mavuno kwa kuwa karo imedaiwa, kisha akanunua mahindi yale yale miezi mitano baadaye kwa bei kubwa, amempa mwenye ghala faida yake yote. Akikopa katika sanduku letu, mahindi yatabaki nyumbani, na riba ndogo atakayolipa itabaki kwetu.

Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vingi havikuuawa na bei mbaya bali na hesabu zilizofichwa. Kwa hiyo twaleta mbele ya Mkutano huu maombi matatu.

Kwanza, sanduku la msiba libaki peke yake, wala lisiguswe kwa mkopo wowote, ili hofu ya wazee ipate jibu.

Pili, lianzishwe sanduku la kazi, la kukopesha fedha ya mbegu, ng'ombe wa maziwa, miche ya makadamia na karo. Kila mkopaji awe na wadhamini wawili miongoni mwa wanachama, na fedha isitolewe benki bila sahihi za watu watatu, mmoja wao akiwa mama.

Tatu, hesabu zisomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, na mwanachama yeyote aruhusiwe kukifungua kitabu na kuuliza.

Kujitegemea si kukataa msaada, wala si kila mtu kula peke yake. Ni kuwa na kitu mkononi siku bei inapoanguka, ili tusilazimike kuuza shamba. Twawaachia wazee na wanachama wote shauri hili walijadili na kulikatia neno leo, kabla ya mkutano kufungwa.

Ni sisi watumishi wenu katika vitabu vya Chama.