Tuangalie Jani Kwanza, Dawa Baadaye

Mazungumzo na wanachama na wafadhili juu ya ubwiri kwenye maboga ya nyumbani



Mama Prezidenti alituomba tuongee juu ya ule ugonjwa mweupe ulio kwenye majani ya maboga. Kwenye mkutano uliopita wanachama wengi waliomba kasha ya chama inunue dawa ya kupulizia. Wafadhili nao waliuliza kama pesa za msimu B zinaweza kwenda huko. Sisi watu wa mashambani tuliomba nafasi ya kuongea kabla hamjakata shauri. Jibu letu ni hili: tusinunue dawa kwanza. Tutaeleza sababu, halafu mtaamua ninyi wenyewe, maana kasha ni yenu.

Juu ya nini tunahangaika na maboga?

Mtu anayerudi anakuta parseli yake imekuwa pori. Akipanda muhogo, atangoja karibu mwaka mzima. Boga halimngojeshi hivyo. Baada ya wiki 4 mpaka 6 mama anaanza kuchuma majani ya kupika, na baada ya miezi 3 au 4 maboga yenyewe yanakomaa. Mbegu zinakaangwa, nyingine zinawekwa za kupanda. Kwa familia iliyofika juzi, mara nyingi hiyo ndiyo mboga ya kwanza kutoka kwenye udongo wake mwenyewe.

Kwa hiyo tukumbuke kitu kimoja: jani la boga ni chakula. Mwenye kulima nyanya anapulizia jani lakini anakula tunda. Sisi tunakula lile lile jani tulilolipulizia. Chochote tunachomwaga juu yake kinaingia kwenye sufuria na kwenye sahani ya mtoto.

Tuangalie jani: mambo manne yanayofanana

Tunaomba kila mtu akirudi nyumbani afanye kipimo hiki. Chukua jani lenye weupe, lisugue kwa kidole, halafu ligeuze uangalie chini yake.

La kwanza: madoa ya kuzaliwa nayo. Kuna aina za maboga ambazo majani yao yana madoa ya kijivu au ya fedha kando ya mishipa. Ukisugua, hakuna kinachotoka. Madoa yamepangika vizuri, yanafanana kulia na kushoto, na hata jani changa linayo. Huo si ugonjwa, ni sura ya boga lile. Tumekuta watu wameng'oa mashina mazima yenye afya kwa sababu ya madoa haya. Hiyo ni hasara tunayoweza kuiacha leo leo, bila kutoa hata franka moja.

La pili: ubwiri unga. Ndugu waliopitia Lugufu na Nyarugusu watalijua jina hili, maana ndilo linalotumiwa na mabwana shamba wa Tanzania. Unaanza kama vidoa vya duara, vyeupe, kama mtu amenyunyiza unga wa muhogo. Ukisugua, unga unabaki kwenye kidole. Unaanza na majani ya zamani, yale ya chini yaliyo kwenye kivuli, halafu unapanda. Unakaa juu ya jani na chini yake pia. Ukiachwa, jani linakuwa la manjano, linakauka, na boga linabaki wazi kwenye jua: linaungua ngozi, linakuwa dogo, na utamu unapungua.

La tatu: ubwiri chini. Huu hauonekani mweupe. Juu ya jani unaona madoa ya manjano yenye pembe pembe, maana mishipa ya jani inayazuia yasiende mbali. Asubuhi mapema, wakati umande bado haujakauka, geuza jani: chini ya doa kuna kitu kama manyoya mafupi ya kijivu au ya zambarau. Ugonjwa huu unapenda mvua na majani yenye kulala maji. Unaenda mbio kuliko ule wa unga, na majani yanakauka na kujikunja kama yamepitiwa na moto.

La nne: mozaiki, unaofanana na ule mnaouona kwenye muhogo, ingawa kirusi chake ni kingine. Jani linakuwa na mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu, linakunjamana na kuwa jembamba. Unaletwa na vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaojaa chini ya majani machanga. Huo hauna dawa. Shina lenye mozaiki ling'olewe mapema, na mbegu zake zisitunzwe.

Mnaona sasa: mambo manne, na kila moja lina jibu lake. Tungenunua dawa moja kwa wote, watatu kati ya wanne wangepoteza pesa.

Haukuja na mifuko ya waliorudi

Hapa tuseme wazi, maana maneno haya yameshaanza kuharibu ujirani. Kuna waliosema kwamba ugonjwa mweupe uliletwa na warudi, ndani ya mbegu walizobeba kutoka ng'ambo ya ziwa. Kuna na wengine waliojibu kwamba waliobaki ndio waliotupia majivu kwenye mashamba ya wageni.

Ubwiri unga ni kuvu. Kuvu huyo anaishi kwenye jani lililo hai la boga, tango, tikiti na jamaa zao, hata zile za porini. Hakai ndani ya mbegu kavu. Anatoa vumbi dogo sana lisiloonekana, na upepo unalibeba kutoka parseli moja mpaka nyingine. Vumbi hilo likitua kwenye jani jingine, hewa ikiwa ya joto na yenye unyevu, baada ya siku 3 mpaka 7 doa linaonekana. Halihitaji hata jani liwe na maji. Ndiyo sababu mnauona pia wakati mvua imepungua, kwenye bustani za kando ya mito.

Kwa hiyo hakuna aliyeuleta na hakuna aliyeutupa. Unatoka kwa jirani kwenda kwa jirani, na mmoja akisafisha bustani yake huku mwenzake ameacha, wote wawili watauona tena. Ndiyo maana tunaomba aliyerudi na aliyebaki wafanye kazi hii siku moja, avenue kwa avenue.

Tufanye nini nyumbani

Moja, nafasi. Boga linalotambaa linataka kama mita 2 kati ya shimo na shimo. Tukibana, kivuli na joto vinakaa ndani, na ubwiri unafurahi. Kwenye parseli ndogo, lipandishwe juu ya kichanja ili hewa ipite.

Mbili, maji. Kama unamwagilia, mwaga kwenye shina asubuhi, usinyeshee majani jioni. Hii inasaidia hasa kwa ubwiri chini.

Tatu, mbolea. Samadi iliyooza ni nzuri. Urea nyingi inatoa majani mengi laini, na kuvu anayapenda hayo.

Nne, kutoa majani. Pita kila wiki, toa majani ya chini yaliyoanza kupata unga. Usitoe zaidi ya theluthi moja kwa wakati mmoja, maana shina linaishi kwa majani. Yaliyotolewa yasiachwe kwenye mstari. Yafukie mbali na bustani. Kwa sufuria, wamama wachume ncha na majani machanga yaliyo safi. Halafu, kama maboga yameshakomaa na majani ya zamani yameingia unga, msihangaike. Boga limefika uzee wake. Vuneni.

Tano, maji ya bikarbonate, kwa ubwiri unga ukiwa bado mwanzo. Chukua lita 1 ya maji safi, kijiko 1 cha chai cha bikarbonate ile inayotumiwa jikoni, na sabuni kidogo iliyoyeyushwa ili maji yashike kwenye jani. Jaribu kwanza kwenye jani moja na ungoje siku 2. Kama halikuungua, pulizia juu na chini, asubuhi au jioni, usipulizie kwenye jua kali. Rudia baada ya siku 7, au mvua ikiosha. Msizidishe kijiko, maana jani litaungua. Na tafadhali sana: bikarbonate haiko soda kostiki ya kutengeneza sabuni. Soda kostiki inaunguza ngozi na macho. Ikae mbali na bustani, na mbali na watoto.

Sita, maziwa. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alionyesha kwamba maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji yanapunguza ubwiri unga kwenye jamii ya maboga: kikombe 1 cha maziwa kwa vikombe 9 vya maji, kila wiki. Ni kweli inafanya kazi. Lakini kama nyumbani kuna mtoto na maziwa ni kikombe kimoja, maziwa ni ya mtoto. Yaliyoharibika ndiyo yaende bustani.

Na majivu? Watu wengi wanayatupa juu ya majani. Tunaomba muache. Majivu ni meupe na ubwiri ni mweupe. Ukishayatupa huwezi tena kujua ugonjwa umefika wapi. Yatieni kwenye udongo.

Kwa ubwiri chini, bikarbonate na maziwa haviwezi. Hapo ni nafasi, kutoa majani mapema, kuchuma haraka yaliyo mazima, na kupanda mashimo mengine upande ambao hewa inapita.

Dawa ya sokoni

Dawa inayoombwa zaidi ni ile poda ya manjano ya nyanya na viazi, mankozebu. Juu yake tunasema mambo matatu. Kwanza, haina nguvu juu ya ubwiri unga, na ubwiri unga ndio mliouona wengi wenu. Pili, kwa ubwiri chini inakinga jani ambalo bado ni zima. Jani lililougua haliponyeshi. Tatu, haifai kwenye majani ya kula. Mwisho wa 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza ruhusa yake, kwa sababu ya hatari kwa afya ya watu. Wafadhili wetu wanajua kwamba kitu kilichokataliwa kwao hakiwezi kuwa zawadi kwetu.

Kuna na shida nyingine. Sokoni inauzwa kwenye vifuko vidogo visivyo na maandishi. Hujui dozi, hujui siku za kungoja kabla ya kuvuna, hujui hata kama ni dawa yenyewe. Mama anayepima kwa kiganja, mtoto akiwa mgongoni, anajiingiza kwenye hatari kubwa kuliko ile ya boga lake.

Pesa ziende wapi basi?

Tunapendekeza vitu vinne. Pampu moja mpya kwa kila kikundi, ya maji ya bikarbonate tu, isiwekwe sumu ndani hata siku moja. Bikarbonate ya kutosha msimu mmoja. Mbegu zilizochaguliwa kutoka mashina yaliyobaki na afya kwenye bustani zetu wenyewe, zikaushwe na kutunzwa na kikundi. Na watu wawili kwa kila avenue, mmoja aliyerudi na mmoja aliyebaki, wanaopita kila wiki kuangalia majani na kuandika kwenye daftari: jani lipi, doa la namna gani, siku gani. Msimu ukiisha tutafungua daftari pamoja, na wafadhili wataona pesa yao ilifanya nini.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila nyumba ichukue majani matatu, iyasugue, iyageuze, na iyalete kwenye mkutano ujao yakiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Tutayapanga mezani kwa mafungu manne. Kabla ya kupiga kura juu ya kasha, tuone kwanza fungu lipi ni kubwa.