Majina ya Kiingereza: Tuyajue Yatulinde



Leo tuzungumze juu ya majina katika lugha ya Kiingereza. Najua mtaniuliza: sisi ni wakulima, Kiingereza cha nini? Jibu ni hili. Pakiti za dawa na karatasi za mauzo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Ukizijua aina za majina tu, tayari umepata ngao.

Kwanza, kuna majina ya kawaida. "Cow" ni ng'ombe, "bag" ni gunia. Sisi katika Kiswahili hubadili mwanzo wa neno: mtu, watu, kitu, vitu. Waingereza hubadili mwisho. Huongeza herufi s. "Cow" ni ng'ombe mmoja, "cows" ni wengi. Machache hayafuati njia hiyo. "Child" ni mtoto, lakini watoto ni "children". Neno hilo limo katika maandishi ya chupa nyingi za dawa. Latuonya tuziweke mbali na watoto.

Pili, kuna majina ya vitu visivyohesabika, kama "milk", yaani maziwa, na "maize", yaani mahindi. Hata sisi hatusemi maziwa matano. Twasema lita tano za maziwa, si ndiyo? Basi karatasi ikisema "maize" peke yake, hujui ni kiasi gani. Lazima pawe na tarakimu na kipimo: "10 bags of maize", yaani magunia 10 ya mahindi. Ikisema "bags" bila tarakimu, ile s yasema tu kwamba yamezidi moja. Yaweza kuwa 2, yaweza kuwa 20. Usitie sahihi mpaka tarakimu iandikwe.

Tatu, kuna majina ya jamii. "Herd" ni kundi zima la ng'ombe.

Nne, kuna majina ya mambo yasiyoshikika. "Health" ni afya, "hunger" ni njaa. Njaa haishikiki kwa mkono, lakini sote twaijua.

Tano, kuna majina ya pekee, kama Asha, Moshi na Tanzania. Haya huanza na herufi kubwa. Waingereza huandika hivyo hata siku na miezi: "Monday" ni Jumatatu, "January" ni Januari.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Dawa nyingi zina majina mawili. Panadol ni jina la pekee, alilolichagua mtengenezaji. Dawa yenyewe iliyomo ndani huitwa "paracetamol", na hilo ni jina la kawaida. Watengenezaji wengine huuza dawa hiyo hiyo kwa majina yao wenyewe. Mtu anaumwa kichwa, anameza vidonge viwili vya pakiti hii. Haoni nafuu, anameza viwili vya pakiti nyingine. Anadhani ni dawa mbili. Kumbe ni moja!

Mtu mzima asizidishe gramu 4 za dawa hiyo kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ikizidi, huharibu ini, na mtu aweza kufa. Tena ubaya wake huenda usionekane siku ile ile. Aliyezidisha apelekwe hospitali mara moja, hata kama anajiona mzima. Kipimo cha mtoto ni kidogo zaidi, kwa hiyo uliza zahanati.

Basi, kabla ya kumeza, usitosheke na jina kubwa la juu. Tafuta na lile la pili, ambalo mara nyingi huwa na herufi ndogo zaidi. Yakilingana kwenye pakiti mbili, tumia moja tu, nyingine iweke.

Jioni hii toeni pakiti zenu za dawa, mkae na watoto wanaosoma shule, mtafute majina hayo pamoja. Asiyeyaona amuulize mwenzake. Kuuliza si ujinga.