Neno la Katibu: Jubilei ni Kuachiliwa Huru

Wanakwaya na wapendwa wote, kuna mwaka nilitumia pesa za sare kulipa karo yangu ya chuo cha ualimu. Nilikiri mbele yenu, nikarudisha kidogo kidogo hadi deni likaisha. Mlinisamehe, hata mkanichagua katibu. Lakini kila mweka hazina aliposoma hesabu, niliinamisha kichwa.

Kisha nikasoma Walawi 25: mwaka wa jubilei, aliyejiuza kwa umaskini aliachiliwa huru, akarudi kwa jamaa yake.

Wapendwa, dereva akishagongewa muhuri pale Malaba, harudi tena kwenye foleni. Wewe unayeketi nyuma kwa aibu ya zamani, hii ni jubilei yako pia. Njoo mbele tuimbe.

Mungu awabariki.