Tuwajibu Watoto Wanapouliza



Kila Diwali sisi wafanyabiashara huyaleta madaftari ya hesabu mbele ya Mama Lakshmi, yabarikiwe katika ibada ya Chopda Pujan. Wazazi wetu waliyaandika kwa Kigujarati, herufi ambazo wajukuu wetu hawawezi kuzisoma. Walipotuuliza maana ya ibada hiyo, tuliwakemea: "Nyamazeni, fuateni tu!" Wakanyamaza, kisha wakaacha kuja. Kosa lilikuwa letu.

Sasa twakaa nao, twawaeleza kwa Kiswahili, lugha tunayoijua sote, kwamba hesabu ya haki nayo ni ibada. Baadhi wamerudi, wakaweka kompyuta zao kando ya madaftari yetu. Diwali ijayo, kila mzee na aje na mjukuu wake, amwache aulize.