Waacheni Waigize Bila Kombati

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa chama, Moshi Mjini)

Mwenyekiti ameniomba niongelee michezo mifupi ya kuigiza inayoandikwa na vijana wa huku kwetu, na namna chama kinavyoweza kuitumia. Nitaongea, ila hilo neno "kuitumia" ndo linanipa shida.

Desemba iliyopita nilikuwa Kibosho. Mnaijua Desemba yetu: watu wamepanda kutoka Dar, mbuzi wanachinjwa, mbege ipo. Vijana wanne wa pale kijijini wakaigiza mchezo wao wa dakika 20 uani, pembeni ya migomba. Hakuna jukwaa, hakuna spika. Baba amefariki, watoto wamekuja kugawana kihamba. Kaka mkubwa ana chake tayari, mdogo wa mwisho wa kiume anachukua nyumba ya baba. Dada yao, aliyemuuguza mzee miaka sita na kupalilia kahawa peke yake, anaambiwa: "Wewe si utaolewa?" Anajibu: "Nina miaka 42. Nitaolewa na nani, na huu mgomba?"

Watu walicheka. Halafu kimya. Mzee mmoja akasimama, akaanza kumjibu yule mwigizaji kama vile ni binti yake wa kumzaa. Mama mmoja kutoka nyuma akamjibu mzee. Mchezo ukaishia hapo hapo, mabishano yakaenda mpaka giza.

Mimi nasoma sheria. Ningeweza kuwaambia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Au kwamba mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, kwenye kesi ya Holaria Pastory wa Kagera, alisema mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, sawa na mwanaume. Wangenipigia makofi, wakaenda kula. Mchezo uliwafanya wabishane wao kwa wao.

Sasa hofu yangu ni hii. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, ngonjera na maigizo vilipewa kazi ya kueneza siasa ya Ujamaa. Mwaka 1992, vyama vingi vinarudi, CCM wakawa na kundi lao, TOT. Sisi tunawacheka wasanii wa kusifu kila siku. Je, tukiwavalisha wale vijana kombati, tutakuwa na tofauti gani? Yule dada akimaliza kwa kusema "kipigieni kura chama chetu", mzee hasimami tena. Anaangalia tu nani wa chama gani, basi.

Na tusidhani jukwaa liko salama. Aprili 2025, kule Kenya, wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kushiriki. Polisi wakarusha mabomu ya machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Kwetu hapa, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla mchezo haujaonyeshwa hadharani, huku Ibara ya 18 ya Katiba ikisema kila mtu ana uhuru wa maoni.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Moja, tuwasaidie nauli, kuchapa miswada na sehemu ya mazoezi, bila bendera. Mbili, sisi wa sheria tuwasaidie kwenye vibali, na wakikamatwa tuwe wa kwanza kituoni, hata kama mchezo wenyewe unatusema sisi. Tatu, twendeni tukaangalie, tukae chini kama watu wengine.

Na siku wakiandika mchezo kuhusu viongozi wa upinzani wanaogombania viti, makamanda, nataka niwaone mstari wa mbele. Mkicheka, mcheke kwa sauti.