Mazoezi Mawili: Theluji ya Mmisionari na Pumzi ya Kwaya

(Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe ya Jubilei ya miaka 25, Elwak)





Kamati iliponiambia nizungumze, nilidhani nitasoma historia ya kwaya. Nikaambiwa hapana, historia itasomwa na mwenyekiti, wewe tuzungumzie afya. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa diploma, na ni katibu, maana yake ninaandika nani amekuja mazoezini na nani ametoa udhuru. Lakini nadhani najua kwa nini walinichagua, na nitalifikia hilo.

Kwa Kiswahili chetu neno "mazoezi" lina kazi mbili. Mwambie mwanakwaya, "Jumamosi kuna mazoezi," atachukua kitabu cha nyimbo. Mwambie askari neno lilo hilo, ataanza kufunga kamba za viatu. Kwa miaka 25 sisi tumefanya mazoezi ya kwanza kwa bidii, mpaka watoto wa jirani wanazijua nyimbo zetu kuliko baadhi ya sauti ya tatu, na mnisamehe. Mazoezi ya pili tuliwaachia askari.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Pasaka, tulikuwa tumesimama hapa hapa tukirudia wimbo wa Ijumaa Kuu. Mzee wetu wa besi aliangusha karatasi. Akainama kuiokota, mkono ukafika chini lakini vidole vikakataa kushika. Tulicheka kidogo, kwa sababu mzee huyo ni mcheshi na tulidhani anatuchezea. Alipoinua uso mdomo ulikuwa umeenda upande, na maneno yalikuwa yakitoka kama ya mtu mwenye usingizi. Mmoja wetu akasema ni joto, akamletea maji. Ni dada yetu muuguzi, wa sauti ya pili, aliyepiga kelele kwamba asipewe maji, atapaliwa, na gari litafutwe sasa hivi. Kilikuwa kiharusi. Alikuwa na presha kwa miaka mitatu, na alikuwa ameacha dawa kwa sababu alijisikia mzima.

Wiki iliyofuata muuguzi wetu alileta kile kipimo cha kufunga mkononi. Tulikaa kwenye benchi nje ya kanisa, mmoja baada ya mwingine, tukiulizana namba kama wanafunzi siku ya matokeo. Watatu waliambiwa waende hospitali siku hiyo hiyo. Wawili ni watu wazima waliokwisha kupata wajukuu. Wa tatu ana miaka thelathini na minne, na ndiye aliyesimama mbele yenu.

Ndiyo maana nilichaguliwa.

Nilijiuliza imekuwaje, mimi ambaye sinywi pombe wala sivuti sigara. Jibu lilikuwa rahisi nilipohesabu siku yangu. Nyumbani hadi shuleni, dakika nne. Shuleni hadi nyumbani, dakika nne. Nyumbani hadi kanisani, kwa bodaboda. Kati ya hapo nimekaa: nasahihisha madaftari, nakunywa chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, nakula wali au pasta na nyama ya mbuzi, nalala. Wengi wetu tulikuja Elwak kwa barua ya kazi, walimu, wauguzi, askari, mafundi, na tulipofika tulipokelewa na mambo mawili. La kwanza ni joto. La pili ni hofu, na sitaki kulificha kwa sababu leo ni sherehe.

Mnakumbuka mwaka 2014, basi lililotekwa likitoka Mandera mwezi wa Novemba, kisha wale wachimba mawe mwanzoni mwa Desemba. Walimu wengi waliondoka wasirudi. Sisi tuliobaki, na tuliokuja baadaye, tulijifunza kuishi ndani ya ukuta. Lakini mnakumbuka pia Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilipovamiwa hapa karibu na Elwak, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mmoja wao alikuwa mwalimu mwenzetu, Salah Farah, naibu mwalimu mkuu. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mimi nikitamka neno "jirani" katika mji huu, ninalitamka nikimkumbuka.

Basi mwili ulikaa. Ukuta ulitulinda na risasi, haukutulinda na presha.

Likizo ya Aprili nilienda nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Taveta, na kwetu ukitoka nje asubuhi, mawingu yakiwa yamefunguka, Kilimanjaro uko pale, umevaa weupe wake kichwani. Nimekua nikiutazama na sijawahi kuugusa. (Hapa Elwak weupe tulio nao ni wa jasi kwenye machimbo, na huo nimeugusa, unapasha moto viganja.) Nilikaa chini ya mwembe na vidonge vyangu, nikakumbuka hadithi ambayo wanafunzi hupewa kwa mistari miwili tu, nikaona ilikuwa inanihusu.

Mmisionari Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la CMS, aliondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848 akiwa na wapagazi wachache na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri. Walitembea. Tarehe 11 Mei, wamekwisha kupita milima ya Taita, aliona kitu cheupe juu ya mlima mmoja mbele yake. Akamuuliza kiongozi ni nini kile. Kiongozi hakuwa na jina la kitu chenyewe. Alijibu kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Rebmann alikuwa amezaliwa kwenye nchi ya theluji, akaelewa mara moja.

Habari hiyo ilipochapishwa Uingereza mwaka uliofuata, mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, aliikana. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani, mmisionari ameona vibaya. Cooley alikuwa msomi, na aliandika mengi kuhusu Afrika, lakini alikuwa hajakanyaga nchi hizi hata siku moja. Alikuwa kwenye kiti. Yule mwingine alikuwa kwa miguu. Nawaachia ninyi mwamue mimi na Cooley tulifanana wapi.

Miaka ilipita, na mmisionari mwingine akaenda kuigusa. Huyu ni Charles New, wa Wamethodisti wa Ribe, kule juu ya Mombasa. Alikuwa kijana, miaka thelathini na kidogo. Mwezi wa Agosti 1871 alikuwa mgeni wa Mangi Mandara wa Moshi, akaomba ruhusa ya kupanda. Jaribio la kwanza lilishindwa. Alirudi chini, akajipanga, akapanda tena. Alipita mashamba ya migomba, akaingia msitu mzito wenye unyevu, akatoka kwenye majani na vichaka vya baridi, kisha miamba mitupu. Wenzake wengi walishindwa na baridi wakabaki nyuma. Aliyeendelea naye ni mtumishi wake aitwaye Tofiki. Hewa ilikuwa nyembamba, kila hatua chache lazima usimame uvute pumzi. Na mwisho alifika kwenye theluji akaishika kwa mkono. Ni Mzungu wa kwanza anayejulikana kufika kwenye theluji ya mlima ule. Kilele hakukifikia, na hakuona aibu kusema hivyo.

Mimi ninachokipenda katika wiki ile ya theluji si kwamba New alikuwa shujaa. Hakuwa na mafunzo ya kupanda milima. Alichokuwa nacho ni miaka minane ya kutembea. Alifika pwani mwaka 1863, na tangu hapo kazi yake ilikuwa miguu: kijiji hadi kijiji, na safari ndefu hadi kwa Waoromo, ndugu wa hawa Waborana tunaoishi nao. Siku mlima ulipomdai pumzi, pumzi ilikuwepo. Na Tofiki, ambaye vitabu vinamtaja kwa ufupi mno, alikuwa na pumzi hiyo hiyo, pengine zaidi, maana mtumishi hupanda na mzigo.

Wapagazi wa misafara ile walijulikana kwa kuimba wakitembea. Hili lisiwashangaze, kwa sababu tunaliona hapa. Nendeni visimani ngamia wanaponyweshwa, mtawasikia wachungaji. Wimbo unapanda na ndoo, unashuka na ndoo. Hawana mwalimu wa kwaya, na sijawahi kumsikia mmoja akiishiwa pumzi katikati ya ubeti. Jina lenyewe la mji wetu linasema kisima: wazee hapa husema El Wak ni kisima cha Waaq, jina la kale la Mungu. Ni sisi, wenye vipaza sauti na kinanda cha umeme, tunaovunja mstari mrefu mahali pawili. Mwalimu wetu wa kwaya anajua ni wimbo gani, nami sitautaja.

Sababu ni ya mwili. Pumzi ya kuimba inatoka kwenye msuli mpana ulio chini ya mapafu, pamoja na misuli ya tumbo na ya mbavu. Misuli isiyotumiwa hulegea. Moyo usiofanyishwa kazi hupiga kwa shida hata ukipanda ngazi tatu za jukwaa hili. Ukitembea kwa haraka mara kwa mara, moyo unapata nguvu, presha hushuka kiasi, sukari hutulia, na usingizi unakuja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kumtoa jasho kidogo. Gawanyeni: nusu saa, siku tano. Ni pungufu ya muda tunaongojeana mazoezi ya Jumamosi kuanza, na hilo nina kumbukumbu zake kwenye daftari.

Niliporudi nilitaka kuanza, nikaogopa. Aliyenitoa ndani si mwanakwaya. Ni mama jirani yangu, Mwislamu, mwenye punda wawili na mitungi, ambaye kila alfajiri hupita mlangoni kwenda kuchota maji. Nilimwambia habari ya presha. Akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe huumwi, wewe umekaa. Vaa, twende." Siku ya kwanza nilifika nusu ya njia nikakaa kwenye jiwe nikihema, punda wananitazama. Hakuniacha. Alisimama na punda wake mpaka nilipoinuka. Baada ya wiki tatu nilifika kisimani, na kurudi nikabeba mtungi mmoja mdogo, nikijisifu mno kwa kitu ambacho binti yake wa miaka kumi na miwili anakifanya akiimba.

Sasa tuko sita, wanne wa kwaya na wawili majirani. Tunavaa dera na mitandio yetu, raba miguuni, hakuna anayemshangaa mwenzake. Tunatembea barabara ya watu, kukiwa na mwanga, njia ambayo wenyeji wametuambia ni salama siku hiyo. Wakisema leo msitoke, hatutoki, tunazunguka uwanja wa shule hadi kichefuchefu. Saa mbili jua likianza kuwa kali, tumekwisha kurudi. Maji ni lazima. Na wenye presha wenzangu, tafadhali: sikuacha vidonge. Bado ninavimeza. Namba zangu zimeshuka, muuguzi amefurahi, na ameniambia nisimwone mzee wetu halafu nirudie kosa lake. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu aanzie kwa muuguzi, asianzie barabarani.

Ndugu zetu wa kiume, besi na tena, mnasema mpira wa Jumapili jioni unatosha. Nimewatazama. Watatu wanacheza, tisa wanashauri.

Kamati imekubali tuanze rasmi kesho, Jumatatu. Tukutane langoni saa kumi na mbili asubuhi, majirani zetu wakiwa wamekwisha kutoka swala ya alfajiri, kila mtu na chupa yake ya maji. Tutatembea hadi kwenye miarobaini ya upande wa soko na kurudi. Asiyeweza mwendo wote aende anapoweza. Nitaandika majina, kama kawaida.

Mzee wetu wa besi yuko hapa leo, safu ya pili, na fimbo yake. Mkono wa kushoto bado, lakini sauti imerudi karibu yote. Ameniomba niwaambie kwamba kesho atakuwa langoni kabla yenu, na atatembea hadi mwarobaini wa kwanza. Akifika hapo atakaa kivulini atungoje tunaporudi, na anataka kutusikia tunakuja kabla hajatuona.