Dhahabu ya Sekenke

Ndugu wanakisomo wa Bagamoyo, leo tuzungumze juu ya Sekenke, kijiji cha Iramba, mkoani Singida. Ni mbali, lakini aliyetutawala sisi huku pwani ndiye aliyewatawala na wao: Mjerumani.

Mwaka 1907 dhahabu ilionekana Sekenke. Mwaka 1909 machimbo yakaanza kazi. Watu walichimba mashimo marefu, wakapandisha mawe. Mawe yakasagwa, ndipo dhahabu ikapatikana. Si kazi ya kuokota kombe ufukoni, jamani!

Vita vilianza mwaka 1914. Manowari za Waingereza zikaifunga bahari yetu hii. Fedha kutoka Ujerumani ikawa haifiki. Basi mwaka 1916 Wajerumani waliichukua dhahabu ya Sekenke, wakapiga sarafu katika karakana ya reli, Tabora. Kila sarafu ilikuwa ya rupia 15. Upande mmoja ina tai, upande wa pili tembo ameinua mkonga.

Sarafu hizo bado zipo. Wenye fedha zao huzinunua kwa bei kubwa, wakazifungia kabatini. Zina mwaka, 1916. Zina herufi T, ya Tabora. Jina la Sekenke halimo, wala la mchimbaji hata mmoja.